Faiba, 5G au setilaiti: ulinganisho kwa anayechagua intaneti ya nyumbani Kenya na Tanzania

Anayetaka kuunganishiwa intaneti ya kasi nyumbani au ofisini, awe Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Arusha, kwa kawaida huanza kwa kulinganisha megabiti na shilingi zilizoandikwa kwenye vipeperushi vya kampuni. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini inaruka jambo linaloamua mengi kuliko bei iliyochapishwa, nalo ni kwamba ushindani katika biashara hii hupimwa mtaani, na mara nyingi ndani ya jengo moja, wala si katika ngazi ya taifa. Nchi inaweza kuwa na makumi ya kampuni zenye leseni huku mlangoni pako ikifika moja tu, na hiyo moja itakuhudumia kama isiyo na mpinzani. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulinganisha faiba, 5G na setilaiti, inafaa kueleza kwa nini mtaa mmoja una waya tatu nguzoni na mwingine hauna hata mmoja.

Kutoka baharini hadi mlangoni

Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na gharama yake ilikuwa ya kuumiza. Mwaka huo mikongo ya baharini (nyaya za faiba zilizolazwa chini ya bahari) ya SEACOM na TEAMS ilianza kutoa huduma, EASSy ikafuata mwaka 2010, LION2 ikatua Mombasa mwaka 2012, na PEACE ikafika mwaka 2022. Tangu hapo uhaba haujawa baharini. Umekuwa nchi kavu, kwanza katika kusafirisha mawasiliano kutoka ufukweni hadi miji ya bara, kisha katika kipande cha mwisho, yaani mita mia chache kutoka barabara kuu hadi sebuleni kwako.

Katika hatua ya kwanza Kenya na Tanzania zilifuata njia tofauti, na tofauti hiyo bado inaonekana katika kile unachoweza kuchagua leo. Serikali ya Kenya ilijenga mkongo wake wa NOFBI, lakini wakati huohuo Safaricom, JTL, Liquid, Wananchi na kampuni nyingine zilichimba au kutundika faiba zao wenyewe. Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ikaukabidhi kwa TTCL, kampuni ya mawasiliano ya serikali, na kampuni nyingi zikawa zinanunua uwezo kwa jumla humo badala ya kila moja kuchimba mtaro wake kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza.

Kila njia imezaa matunda yake na taka zake. Kenya imepata mitaa ya Nairobi yenye faiba tatu au nne zinazopita mlango mmoja, jambo linalomfaa sana mpangaji wa Kilimani, na pia imepata kata nyingi zisizopitiwa na yeyote, kwa kuwa kila kampuni ilipiga hesabu ileile na kukimbilia wateja walewale. Tanzania imefikisha faiba kwenye makao makuu ya mikoa ambako mwekezaji binafsi asingeenda mapema, lakini muuzaji wa jumla ni huyohuyo anayeuza pia rejareja kupitia huduma yake ya Faiba Mlangoni Kwako, na mnunuzi wa jumla hawezi kumshinda kwa bei mtu anayempangia bei. Kwa maoni yangu mkongo mmoja wa taifa ulikuwa uamuzi wa busara kwa nchi yenye umbali mkubwa kati ya miji. Kilichochelewa ni kumtenganisha mwenye barabara na mwenye basi.

Rwanda ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo ya muuzaji mmoja. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya KT Rwanda Networks ndiyo pekee iliyojenga mtandao wa 4G na kuuza uwezo wake kwa wengine. Mtandao ulienea nchini kwa kasi, lakini watumiaji hawakuongezeka kwa kiwango hicho, na mwaka 2023 MTN Rwanda ilianza kutoa 4G kwa mtandao wake yenyewe baada ya serikali kuondoa haki hiyo ya pekee. Ramani iliyojaa rangi haina maana kwamba huduma inanunulika.

Hatua ya pili, kipande cha mwisho, ndiyo inayokuhusu moja kwa moja. Kampuni inapotazama mtaa haihesabu nyumba tu. Inahesabu nyumba kwa kila kilomita ya waya, na kati ya hizo ngapi zitalipa mwezi baada ya mwezi. Jengo la ghorofa lenye familia 40 linahitaji waya mmoja hadi chini ya ngazi, ilhali nyumba 40 zenye ua, kila moja kwenye kiwanja chake, zinahitaji nguzo, vibali na mafundi kwa siku nyingi. Ndiyo maana faiba inaweza kufika mitaa ya Nairobi kama Roysambu au Pipeline, ambako kodi za nyumba ni za chini, kabla ya kufika kwenye majumba makubwa ya pembezoni mwa Kitengela. Mwenye kipato kizuri aliyejenga mbali na wenzake hushangaa kwa nini mpangaji wa chumba kimoja ana intaneti bora kuliko yake. Jibu ni msongamano wa watu.

Gharama nyingine ni ya njia yenyewe. Kuchimba mtaro kando ya barabara kunahitaji idhini ya mamlaka ya barabara na ya kaunti au halmashauri, na kila idhini ina ada yake. Kutundika waya kwenye nguzo za umeme ni rahisi zaidi, na nchini Kenya kampuni nyingi hulipia nafasi kwenye nguzo za Kenya Power. Ukitazama juu katika mitaa kadhaa ya Nairobi utaona matokeo yake: mafungu ya waya mweusi yaliyoviringishwa kwenye nguzo moja, mengine yakining'inia hadi usawa wa kichwa cha dereva wa lori. Waya wa juu hujengwa haraka na hukatika haraka. Unapochagua kati ya kampuni mbili zenye bei moja, kujua ipi imezika waya wake ni sababu tosha ya kuamua.

Jengo lenye mlango mmoja

Hapa ndipo ushindani wa kitaifa unapofia. Mwenye jengo, au mjenzi wa mtaa wenye geti, anaweza kukubaliana na kampuni moja iingize waya wake na nyingine zibaki nje, pengine kwa kulipwa, pengine kwa sababu tu hataki kuta zake zitobolewe mara nne. Mpangaji huambiwa baada ya kulipa kodi. Anayetafuta nyumba na anayefanya kazi kwa intaneti anapaswa kuuliza kampuni ngapi zimeingia katika jengo kama anavyouliza kuhusu maji, na aulize wapangaji badala ya dalali.

Kama ni kampuni moja tu, bado una nguvu ya kujadiliana ikiwa 5G inashika vizuri ndani ya nyumba yako, kwa kuwa 5G haihitaji ruhusa ya mwenye nyumba.

Faiba ikilinganishwa na 5G ya nyumbani

Faiba ya kawaida ya majumbani hutumia mfumo ambao uzi mmoja kutoka kituo cha kampuni hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuja kwa wateja na takriban gigabiti 1.25 kurudi, kisha hugawanywa katika sanduku la nguzoni kwa nyumba 32 au 64. Ukipiga hesabu utaona kwamba hata wote wakitumia kwa pamoja, kila mmoja anabaki na kiasi cha kutosha kwa video na mikutano. Msongamano wa jioni unaolalamikiwa na wateja wa faiba kwa kawaida hautoki kwenye uzi huo. Hutokana na kampuni kununua uwezo mdogo wa kutoka nje kuliko ilioahidi, na hilo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni hata kama waya zao zinafanana.

Ubora wa kazi ya fundi, kwa upande mwingine, unaweza kuupima siku ya kuunganishwa. Fundi wa faiba hubeba kipimo kidogo cha mwanga, na kabla ya kuchomeka waya kwenye kifaa chako husoma namba iliyo chini ya sifuri. Mwambie akuonyeshe. Ikiwa ni kama -18 au -20, mwanga unafika vizuri. Ikikaribia -27, uko ukingoni, na waya ukipinda kidogo nyuma ya kabati au kiungo cha nguzoni kikiingiwa na unyevu utaanza kuona taa nyekundu iliyoandikwa LOS, yaani mwanga umepotea. Fundi akiondoka na namba mbaya kwa sababu kwa sasa inafanya kazi, utarudi kumpigia simu msimu wa mvua. Hakuna kipeperushi kitakachokueleza hilo.

5G ya nyumbani ina asili nyingine kabisa. Safaricom iliizindua kibiashara Oktoba 2022, Airtel Kenya ikafuata mwaka 2023, na Vodacom Tanzania ilizindua yake Septemba 2022. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipiga mnada masafa na kukusanya takriban dola milioni 187. Kampuni iliyolipa fedha za namna hiyo inataka zirudi, na njia ya haraka ni kuuza ruta ya 5G kwa nyumba zilizo karibu na minara ambayo tayari imejengwa, bila kuomba kibali cha mtaro wala kumbembeleza mwenye jengo. Hiyo ndiyo sababu utaona matangazo ya 5G hata katika mitaa ambayo kampuni hiyohiyo haina mpango wowote wa kuleta faiba.

Kwa mtumiaji, faida ya 5G ni kuanza siku hiyohiyo na kuhama nayo ukihama, ingawa baadhi ya vifurushi hufungwa kwenye eneo moja. Hasara yake ni kwamba hewa ni ya wote. Mnara mmoja unahudumia simu za wapita njia, duka la jirani na ruta yako, na masafa ya kati yanayotumika sana kwa 5G hudhoofishwa na kuta nene na paa la bati. Kasi ya saa nne asubuhi siyo kasi ya saa mbili usiku. Kabla ya kulipia, omba kifaa cha majaribio au tumia simu ya 5G yenye laini ya kampuni hiyo, ukae nayo mahali ambapo ruta itawekwa, na upime usiku. Soma pia masharti: vifurushi vingi vya 5G vina kiwango cha gigabaiti ambacho ukikipita kasi hushushwa, na neno "bila kikomo" kwenye tangazo halimaanishi kwamba kiwango hicho hakipo.

Kupakia ni suala jingine linalosahaulika. Anayepakia video, anayehifadhi mafaili ya ofisi mtandaoni au anayefundisha kwa kamera anahitaji kasi ya kwenda, na hapo faiba huishinda 5G kwa mbali, kwa kuwa ruta ya 5G hutuma kwa nguvu ndogo na mnara hutenga sehemu kubwa ya muda wake kwa kuwatumia data wateja wanaopakua. Kwa familia inayotazama filamu tu, tofauti hiyo haina uzito.

Kati ya hizo mbili kuna kundi la kampuni za redio zisizo za simu, ambazo huweka antena juu ya paa na kuuza kwa bei ya chini pale ambapo kampuni kubwa hazikuona faida. Kampuni ya Poa imefanya hivyo katika makazi yenye kipato cha chini ya Nairobi, na Mawingu, iliyoanzia Nanyuki, imejenga katika miji midogo ya Kenya na mwishoni mwa 2024 ikainunua kampuni ya Habari ya Arusha. Kasi yao si ya kujivunia, lakini kwa mtaa ambao faiba haijafika na 5G ni ghali, ndizo za kuuliza kwanza.

Setilaiti

Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilianza kuuza Kenya Julai 2023. Mwanzoni kifaa kiligharimu takriban shilingi 89,000 za Kenya, lakini bei ilishuka sana, na Agosti 2024 kampuni ikaanza kukodisha kifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, pamoja na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Kilichofuata kinaeleza ushindani vizuri kuliko kitabu chochote cha uchumi. Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikipendekeza kampuni za setilaiti zifanye kazi kupitia kampuni za ndani badala ya kupewa leseni zenyewe. Baada ya muda mfupi, Septemba 2024, ikaongeza kasi za faiba yake bila kupandisha bei, na kifurushi cha shilingi 2,999 kikapanda kutoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde. Mteja wa faiba ambaye hajawahi kuliona dishi la Starlink alinufaika nalo.

Hata hivyo, ilipofika Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa kuwa uwezo wake pale ulikuwa umejaa, ikiwa na wateja wapatao 19,000 tu nchi nzima mwishoni mwa mwaka huo. Zuio hilo liliondolewa katikati ya 2025. Namba hiyo inaonyesha mpaka wa teknolojia yenyewe: setilaiti zinazozunguka takriban kilomita 500 juu ya ardhi hugawana uwezo kwa eneo, kwa hiyo hufanya vizuri zaidi pale ambapo watu ni wachache, kinyume kabisa na hesabu ya faiba. Kununua dishi Lavington ambako faiba tatu zinapita ni kulipa zaidi kwa kupata kidogo. Kulinunua kwa ajili ya shule ya Samburu, kambi ya watalii au shamba ambalo mnara wa karibu unashika 3G ni uamuzi usio na mshindani.

Tanzania ni habari tofauti. Hadi mwaka 2025 Starlink haikuwa imepata leseni huko, na dishi lililoletwa kutoka nchi jirani lilikuwa kifaa kisichoruhusiwa. Anayeishi Loliondo au Mafia, ikiwa hali bado ni hiyo, alinganishe 5G au 4G na kampuni za redio, na setilaiti za kawaida zilizo na leseni kwa shughuli zinazoweza kubeba gharama hizo.

Umeme ukikatika

Watu wengi huchagua intaneti kana kwamba umeme haukatiki. Mfumo wa faiba nilioueleza hauhitaji umeme popote mtaani. Sanduku la nguzoni hugawa mwanga kwa vioo tu. Unahitaji umeme kwenye kituo cha kampuni, ambako kuna jenereta, na nyumbani kwako, ambako kifaa na ruta hula wati kumi na kitu, kiasi ambacho betri ndogo ya ruta inaweza kubeba kwa saa kadhaa. Mitandao ya zamani inayomalizia kwa waya wa shaba ina vikuza mawimbi vya mtaani vinavyohitaji umeme, na hivyo huzimika pamoja na mtaa wako hata kama una betri. Mnara wa 5G una betri zake, lakini zikiisha baada ya saa nyingi gizani huna la kufanya. Dishi la kawaida la setilaiti hula kati ya wati 50 na 100, kwa hiyo anayetegemea sola akadirie betri kubwa zaidi, au achague dishi dogo linalotumia wati 25 hadi 40.

Wa kuchagua nini

Mpangaji wa jijini mwenye kampuni mbili au zaidi za faiba jengoni achague faiba ya kasi ya chini kwanza, alipe mwezi kwa mwezi, na akatae mkataba wa mwaka. Uwezo wa kuhama ndiyo nguvu pekee aliyonayo dhidi ya huduma mbovu. Mpangaji mwenye faiba moja tu apime 5G kabla ya kusaini chochote. Anayehamahama kila miezi sita asisumbuke na faiba kabisa. Mwenye nyumba yake pembezoni mwa mji, mahali ambapo nguzo zina waya lakini haufiki kwake, akusanye majirani na kupeleka kwa kampuni orodha ya nyumba zilizo tayari kulipa, kwa kuwa ndiyo hesabu ambayo kampuni ingeifanya yenyewe na kwa kawaida huchelewa kuifanya.

Ofisi ndogo inayopoteza fedha intaneti ikizimika inahitaji njia mbili, na hapa wengi hukosea kwa kununua majina mawili yanayopita mtaro mmoja. Muulize kila muuzaji, kwa maandishi, faiba yake inaingia jengoni upande gani na inatumia mikongo ipi ya baharini. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na ofisi za Dar es Salaam zilizokuwa na kampuni mbili zinazotegemea mikongo hiyohiyo ziliathirika kwa zote mbili. Faiba ya kampuni moja pamoja na ruta ya 5G ya nyingine inakulinda dhidi ya tingatinga la barabarani, lakini haikulindi dhidi ya bahari. Nchini Kenya dishi la setilaiti linaweza kuziba pengo hilo kwa sehemu tu: tangu Starlink ifungue kituo chake Nairobi Januari 2025 ucheleweshaji (muda wa data kwenda na kurudi) umepungua sana kutoka zaidi ya milisekunde 100, lakini maana yake ni kwamba mawasiliano mengi sasa hushukia Nairobi na kuingia katika mikongo ileile inayotumiwa na wengine, isipokuwa kampuni yenyewe iyaelekeze kwingine siku ya hitilafu.